Nilivyoilisha Figo Yangu Broila

Kitengela watu wananiita Broila. Na si utani wa mabeste wawili watatu wa gym. Mama mboga wa Noonkopir akiniona anauliza, "Broila, leo unabeba sukuma ama bado uko kwa dozi?" Kuna mzee Mmaasai anachunga ploti ya jirani, mtu wa heshima zake. Nikimwambia "Sopa," badala ya kunijibu "Epa" kama binadamu, ananipigia mabawa na viwiko. Mzee mzima!

Jina langu la ukweli ni Kyule. Niko na diploma ya IT, niko na figo moja, na niko na mama anaitwa Mbeke, ambaye ndiye alinipea hilo jina lingine mbele ya kanisa nzima.

Ilikuwa Jumapili, wakati wa maombi. Pastor akauliza nani ako na hitaji. Mama akasimama, akashika mic. Nikadhani anaombea mvua, juu huku kwetu kama si vumbi ni matope, na yeye huwa hapendi yote mbili.

"Bwana asifiwe kanisa," akasema. "Niombeeni kijana yangu Kyule. Amekula broila zangu miezi miwili akitafuta homoni, ndio figo yake ikue. Sasa damu imekuja mbaya."

Kanisa nzima ikanigeukia. Halafu huko nyuma kwa vijana, mtu akacheka na pua. Pastor, maskini, alijaribu. Akafunga macho, akainua mkono: "Baba, tunamleta mbele zako huyu kijana wetu, huyu..." Jina likampotea. Nikaona akilitafuta mpaka jasho. "...huyu wa broila."

Amina ya siku hiyo ilishinda ya Krismasi.

Sasa kabla mnimalize, wacha niwaelezee vile mtu mwenye akili timamu, ama karibu timamu, anafika mahali kama hapo.

Dadangu mkubwa anaitwa Nzisa. Ni mwalimu wa primary, wa ile aina ya kuangalia darasa mara moja na hata inzi wanakaa chini. Presha ilimharibia figo zote mbili, akaanza kwenda kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Anaenda akiwa Nzisa, anarudi akiwa kitambaa. Tukapimwa sisi wote, mimi ndiye nikalingana naye. Nikajiona kama nimeshinda bahati nasibu. Yeye akakataa.

"Kyule, nikichukua yako, halafu ile imebaki nayo ishindwe, hii familia itakuwa na wagonjwa wawili na mama mmoja. Hiyo hesabu mimi siwezi."

"Si wewe unafundisha Kiswahili? Hesabu imetoka wapi?"

"Nafundisha Kiswahili na bado naona haiingiani."

Karibu mwaka mzima alikataa. Nikamwambia yangu ni figo ya Mkamba, inaweza kubeba makaa kutoka Kajiado mpaka Nairobi bila kupumzika. Hakucheka. Mwishowe daktari ndiye alimshawishi: akasema mtu akitoa moja, ile inabaki hukua, inachukua sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake, na watu wengi wanaishi hivyo miaka na miaka. Nzisa akanigeukia. "Niahidi utaichunga." Nikaahidi. Nilikuwa serious kabisa, muandike hapo.

Operesheni ikaenda poa. Figo yangu ilipofika kwa Nzisa ilianza kutoa mkojo hapo hapo kwa meza, na tulipoambiwa, mama akapiga vigelegele. Familia yetu ndio peke yake naijua imewahi kushangilia mkojo.

Wiki sita baadaye nikarudi clinic. Daktari wetu ni Nanjala, mama mpole hivi, anaongea polepole kama anajua wewe ni mjinga lakini hatakuaibisha. Akaniambia: "Ile figo imebaki imeanza kukua. Damu yenye ilikuwa inagawanywa mara mbili sasa inapita kwake. Kazi imeongezeka, na homoni za mwili zinaisaidia kupanuka. Wewe kunywa maji, pumzika, usibebe vitu nzito, kula vizuri lakini kwa kiasi."

Kwa hayo yote mimi nilisikia homoni. Maji sikusikia. Kiasi, hata usiniulize. Masikio yangu yalishika neno moja yakatoka nalo mbio.

Nikaenda nalo kwa Brayo. Brayo Wakhungu ni beste yangu, anaishi Tuala, anafundisha watu kuinua vyuma kwa gym moja hapa Kitengela. Ako na misuli mpaka kwa maoni.

"Homoni?" Brayo akauliza. "Buda, unajua homoni ziko wapi hii Kenya?"

"Wapi?"

"Kwa broila! Si kila mtu husema zinadungwa homoni? Kuku inatoka kwa yai leo, wiki ya sita iko kando ya chips. Sasa hiyo inakua hivyo na nini, na maombi?"

"Lakini watu husema hizo homoni ni mbaya."

"Ni mbaya kwa mtu hataki kukua. Wewe si unataka?"

Manze, ikaniingia. Na mnielewe, mimi nimelelewa hapa. Tangu nikiwa mtoto kila mtu mzima ameniambia nisile broila sana, mwanaume ataota matiti. Sasa nikajiuliza: kama hiyo kitu inaweza kumwotesha mwanaume matiti yenye hakuwa nayo, itashindwa kukuza figo yenye tayari iko? Pia mkumbuke Brayo ni Mluhya. Kwao broila haihesabiwi kama kuku. Mamake akipikiwa broila anamaliza sahani halafu anauliza kuku inakuja saa ngapi. Mluhya akikuambia ule broila, hiyo si maoni tena, hiyo ni sayansi.

Na dawa yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba! Mama anafuga broila kwa banda ya mabati, anauzia mahoteli. Nikaanza. Paja asubuhi na chai. Kifua jioni na ugali. Maini, shingo, supu. Mama hakuuliza kitu, alifurahi tu. "Kula mwana wakwa," ananiambia akiongeza mwiko. "Ulitoa nyama yako, rudisha nyama." Brayo naye akaniletea poda yake ya kujenga misuli, ati isaidie homoni kupata njia. Njia ya kwenda wapi, sikuuliza. Ilikuwa na ladha ya vanila.

Halafu nikaanza kupost. Aki mimi! Nasimama mbele ya kioo, nainua shati, napiga picha ubavu wa kulia, naweka kwa status: "Figo wiki ya tatu. Inakuja." Watu wanareply moto moto. Brayo anaandika, "Imejaa bro, naiona." Ilikuwa kitambi. Kila kitu mliona kwa hiyo status, wale mliona, ilikuwa kitambi. Nisameheni.

Mwezi wa nne baada ya operesheni nikarudi kupimwa, mama akanisindikiza. Daktari Nanjala akaangalia karatasi ya damu. Akaiangalia tena. Akatoa miwani.

"Kyule, siku hizi unakula nini?"

Nikakaa wima. Hilo swali nilikuwa nimelingoja. "Broila, daktari."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Mchana pia nikipata."

"Kwa nini?"

"Homoni."

Akaweka karatasi chini. "Homoni gani?"

"Si zile mlisema zinakuza figo? Nimeziongeza."

Mama alinigeukia polepole, kama feni ya kanisa stima ikiwa chini. "Homoni? Kwa kuku zangu?"

"Mama, si huwa zinadungwa..."

"Na nani? Umewahi niona na sindano? Kuku zangu hata chanjo zinakunywa kwa maji! Kuku mia tatu, nani ataamka kila siku azikimbize akizidunga moja moja? Wewe ulilala kwa hiyo nyumba miaka yote ukidhani nafanya nini huko nyuma?" Sauti ilikuwa imefika mapokezi. "Na mimi nakupikia nikidhani umependa chakula yangu!"

Hiyo ya mwisho ndio iliniuma.

Daktari akaingilia kati. Akasema mama ako sawa, broila inakua haraka juu ya mbegu yake, imechaguliwa vizazi na vizazi, na juu ya chakula. "Na hata kama ingekuwa imedungwa, homoni ya kukua ni protini. Ukiila inafika tumboni inasagwa kama githeri. Ndio maana mtu wa sukari hudungwa insulini, hawekewi kwa sahani."

"Sasa zangu zinatoka wapi?"

"Kwako mwenyewe. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama minji, ndiyo inatoa homoni ya kukua. Hiyo inaambia ini itoe nyingine. Kuna za tezi ya shingo, kuna za kiume. Zinatembea kwa damu zikiambia figo, mwenzako ametoka, panuka. Na haipati vichujio vipya. Vile ulizaliwa navyo ndivyo vinanenepa, kila kimoja kinachuja zaidi. Mengi tumeyajua kwa panya. Panya dume akitolewa makende, figo yake iliyobaki haikui vizuri kama ya mwenye ako nayo."

Nikafunga miguu.

"Kwa binadamu bado kuna mambo hatujui," akaendelea. "Lakini hakuna mahali nimeona mtu akiongeza za kutoka nje zikamsaidia. Zile watu hudungwa huko gym zinaweza hata kuumiza figo. Mwili unajua kipimo chake. Huwezi kuuharakisha."

Nilitaka kuuliza kama vanila ni homoni. Nikaacha.

Hapo ndipo sauti yake ilibadilika. Akasema kuna takataka ya damu yenye figo hufaa kutoa, na yangu imepanda kuliko inavyotakiwa hata kwa mtu wa figo moja. "Inaweza kuwa ni nyama nyingi na hiyo poda. Hizo hupandisha namba hata figo ikiwa sawa. Ama inaweza kuwa figo imelemewa. Leo siwezi kukuambia ni gani. Wacha kuku, wacha poda, urudi baada ya mwezi. Tutapima damu tena na tupige picha."

Kwa ngazi za hospitali mama alisema kitu kimoja tu. "Nzisa asijue."

Na hiyo nilielewa. Nzisa alikuwa amekubali figo yangu kwa sharti moja tu, na hiyo moja ndio nilikuwa nimeikaanga. Tukakubaliana, hakuna mtu ataambiwa. Mama akaweka siri kutoka Ijumaa mpaka Jumapili, halafu akaipea mic.

Kwa kujitetea, anasema alikuwa anaambia Mungu. Shida ni moja. Dawa za Nzisa zinashusha kinga ya mwili ndio isiikatae figo yangu, kwa hivyo haendi mahali pa watu wengi. Kanisa anaangalia Facebook, live, kila Jumapili, akiwa kwake mtaa wa Acacia na chai yake.

Nikiwa bado nimejificha nyuma ya Biblia nikafungua simu. Kwa comments kulikuwa na Amen, Amen, mtu wa Qatar akaandika Amen from Doha. Halafu Nzisa: "Kyule shika simu."

Halafu tena: "KYULE SHIKA SIMU."

Mtu wa Qatar akareply, "Amen."

Sikushika. Nilienda. Nilimpata amekaa mezani na maski yake, na mbele yake ile boksi ya dawa yenye vyumba vya siku. Chumba cha asubuhi ya Jumapili kilikuwa kimejaa. Saa ilikuwa inaelekea saa sita.

"Ni ukweli?" akauliza.

"Ni nyama tu, Nzisa. Daktari amesema inaweza kuwa ni nyama."

"Inaweza."

"Eeh."

"Na inaweza kuwa nini ingine?"

Nikatafuta utani. Mnanijua, mimi hata kwa matanga huwa sikosi. Nikatafuta kila mahali, hakukuwa.

"Mimi nameza hizi vitu kila siku kuchunga figo yako," akasema. "Zinanitetemesha mikono, nywele imepungua, nameza. Wewe yako unaipea poda ya Brayo." Akasukuma boksi kando. "Leo nimezishika nikashindwa. Nikajiuliza, nachunga gani nikiua gani? Sijui kama nataka kuendelea kuishi na kitu yako kama wewe unakufa juu yake."

Alikuwa anaongea pole pole. Nzisa akinipigia kelele najua nifanye nini, nimekuwa nikipigiwa tangu nizaliwe. Hii sikuwa naijua.

Nikaenda jikoni nikaleta maji. "Meza."

"Kyule..."

"Usipomeza hiyo figo itakufa ndani yako, na nitakuwa nilitoa bure. Hii imebaki kwangu nayo ikishindwa, zote mbili zitaenda. Nikasirikie mimi, lakini meza."

Akaniangalia vile huangalia darasa. Nikasimama hapo na kikombe kama mtoto amekosa homework. Mwishowe akateremsha maski, akameza moja moja, akafuta mdomo.

"Siku ya picha nakuja," akasema. "Nataka niione na macho yangu. Sitaki kuambiwa na wewe, sitaki kuambiwa na mama, na huyo Brayo nisimwone hata kwa barabara."

Huo mwezi ulikuwa mrefu. Sukuma, maharagwe kiasi, maji. Kila asubuhi nilikuwa naangalia rangi ya mkojo kama mtu anasoma habari. Ubavu ukiwasha kidogo naandika wosia kichwani, halafu nakumbuka sina kitu cha kuachia mtu isipokuwa laptop yenye haina betri. Kitengela nao walikuwa wamepata jina jipya na walikuwa wanalitumia vizuri. Brayo alikuja kuniomba msamaha, na alikuja amebeba kuku ya kienyeji. Ya kienyeji, ati haina homoni. Mama alisimama kwa gate akamwambia, "Wewe kijana, rudi Tuala na huyo rafiki yako." Brayo anasema mpaka leo hajui kama alikuwa anamaanisha kuku.

Siku ya picha nililala kwa kitanda cha daktari, nimevua shati. Safari hii bila kupost. Akanipaka ile mafuta baridi, akapitisha kifaa kwa ubavu wa kulia. Mama alibaki nje akiomba kwa Kikamba, kimya kimya, hata yeye alikuwa amejifunza. Nzisa alisimama kando ya screen, mikono imefungwa kifuani.

Daktari Nanjala akapima. Akarudia, polepole vile yeye hufanya kila kitu.

"Kabla ya operesheni hii ilikuwa sentimita kumi na nukta nne," akasema. "Leo ni kumi na moja na nukta saba."

"Hiyo ni mbaya?" Nzisa akauliza kabla yangu.

"Hiyo ndiyo tulikuwa tunangoja. Imepanuka vizuri. Na damu ya leo imeshuka, iko pale mtu wa figo moja anafaa kuwa. Ilikuwa chakula na poda." Akanifuta mafuta. "Haitakuwa kama kuwa na mbili, Kyule. Kila mwaka utakuja nikuone, na presha utaichunga. Lakini inabeba."

Nzisa akasogea karibu na screen. "Irudishe tena."

Daktari akairudisha. Kwa macho yangu ilikuwa kama picha ya mawingu imepigwa na simu ya katululu, ile ya bei rahisi. Nzisa akaiwekea kidole, akazunguka nacho kando kando yake polepole. Alikaa hapo mpaka nikasikia baridi.

Halafu akageuka akanipiga na mkoba. Kwa bega, nguvu zote.

"Imekua bila wewe!"

"Bila mimi aje, na ni yangu?"

"Bila wewe! Mwili ulikuwa unafanya kazi, wewe ulikuwa unakula tu!"

Daktari Nanjala alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza, lakini mabega yalikuwa yanatingika. Nzisa naye alikuwa analia na anacheka ndani ya maski, na ukilia ndani ya maski hiyo kitu haifutiki vizuri, kwa hivyo nikampea shati yangu. Sikuwa nimeivaa bado.

Tukatoka. Kwa maegesho mama alikuwa ameshaambia askari na mtu wa kuuza njugu. Nzisa akanishika mkono, akaanza kuniambia atanihitaji kubeba vitabu za insha term ikifunguliwa, juu yeye haruhusiwi vitu nzito, na kwamba darasa la sita wameharibiwa kabisa na yule mwalimu ameshikilia nafasi yake. Aliongea mpaka nyumbani. Tangu operesheni, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipanga kitu cha mwezi ujao.

Sasa ni zamu yenu. Kama ulitoa figo, ama ulipewa, ama daktari alikuambia maneno kumi ukasikia moja ukaenda nalo nyumbani mbio, andika hapo chini. Kama kuna kitu ulikula, ulijipaka ama ulikunywa kikakuaibisha kuliko mimi, hiyo ndio nataka kusoma kwanza, juu saa hii naona kama niko peke yangu. Msiogope. Nzisa atasoma zote, na ameahidi kusahihisha Kiswahili tu.